Sentensi za Mwalimu Wekesa

Jambo ambalo ningelikataa, kama ningerudishiwa siku ile, lilikuwa dogo, na niliombwa kwa adabu. Odhiambo, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alinikuta kwenye mfereji wa baraza la jiji pale Shauri Moyo nikisubiri ndoo ijae, akaniambia kamati ya ukumbi imekaa na imeamua kwamba mwaka huu atakayechekwa ni Mwalimu Wekesa. "Sisi tutaiga vile anatembea na vile anakohoa," akasema. "Lakini kuna kitu hakuna mtu anaweza isipokuwa wewe. Wewe unaweza kuiga vile anaandika." Niliona mara moja kwamba ni kweli, na nilifurahi kuambiwa. Niliona pia kwamba haikufaa. Niliangalia maji yakipanda ndani ya ndoo, nikasema, "Nipe mpaka Jumatano." Mtu anayetaka kukataa hasemi nipe mpaka Jumatano.

Mwalimu alifariki mwezi uliopita, hapa hapa Umoja, Nairobi, nyumbani kwa binti yake Rispa, ambako alikuwa ameletwa kutoka Bungoma ili awe karibu na madaktari. Mimi naishi mitaa michache kutoka hapo. Nilikwenda kumwona mara mbili, tukazungumza habari za mvua. Baada ya kufa kwake watu walikusanyika kwa Rispa kila jioni kupanga safari ya kumpeleka kwao, nami nilikuwa nikienda mapema ili nipate kiti karibu na mlango, kwa sababu goti langu halipendi kukunjwa. Nyumba ile ilianza na vyumba viwili kama zetu zote, lakini Rispa na mumewe wameipandisha juu ghorofa mbili, wakaweka ngazi ya chuma nje na duka la maziwa chini, kwa hiyo maombi yetu yalikatizwa kila mara na mtoto akigonga dirisha la duka. Chai ilikuwa nzito, mandazi yalikuwa ya moto, na wazee tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Odhiambo alikuja na mkongojo wake, akakaa kando yangu, akautazama mkongojo, akanitazama mimi. "Niaje, kijana," akasema. Nikamwambia, "Kaa chini kabla hujaanguka, mzee." Tulicheka, mjukuu mmoja akatugeukia kuona ni nani wanaocheka kwenye matanga. Halafu mtu akauliza ni nani ataandika wasifu wa marehemu, na kabla sijaficha uso Odhiambo akaninyooshea kidole. Nilisema macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Ni kweli hayaoni vizuri, lakini si hayo yaliyonizuia.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliomaliza kidato cha nne. Matokeo yangu hayakuwa mabaya wala hayakuwa ya kumfanya mtu yeyote anitafutie kazi, kwa hiyo nilikuwa na siku nyingi na suruali moja nzuri. Mwalimu Wekesa alikuwa ametufundisha Kiingereza. Tulipomaliza shule yeye hakuona kwamba tumemaliza. Alituambia mimi na Odhiambo tufike kwake kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na tulipofika tuligundua kwamba baada ya chakula maana yake ni wakati wa chakula. Chumba chake kilikuwa kimoja, kama vyumba vyote vya baraza, kimegawanywa kwa pazia lenye maua ya manjano. Upande mmoja kitanda, upande wa pili meza, viti vitatu, jiko la mkaa karibu na mlango, na vitabu vilivyopangwa chini ya meza kwa namna ambayo mtu hakuweza kunyoosha miguu. Vitabu hivyo vilikuwa vya waandishi wa kale wa Uingereza, wanaume waliochorwa wamevaa nywele za bandia, na maktaba moja ilikuwa imevitupa kwa sababu hakuna aliyeviazima. Mama Rispa, mke wake, alitupakulia ugali na mrenda, au kunde, na Jumamosi zenye bahati omena waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni. Alikuwa hafichi kwamba anatulisha ili tunyamaze. Nje, mafundi wa bati waligonga masanduku tangu asubuhi, na Mwalimu alikuwa amezoea kusoma kwa sauti iliyopita juu ya nyundo, hivi kwamba hata Jumapili kanisani, pasipo nyundo, aliomba kwa kelele.

Alichotufundisha mwaka ule ni kejeli. Hakuanza na maana yake. Alitusomea kurasa za wale wazee wake wa nywele za bandia, waziri fulani akisifiwa mpaka sifa zikaanza kunuka, mji mzima wa matajiri ukielezwa na mtu anayejifanya hajui chochote, kisha akafunga kitabu, akauliza, "Mwandishi amekasirika?" Tukasema hapana, anaongea vizuri tu. "Amekasirika sana," akasema. "Ndiyo maana anaongea vizuri." Alitaka tuandike kama karani anayepeleka taarifa kwa mkubwa wake, bila kukonyeza jicho, bila neno kubwa ambapo dogo lingetosha. Na alikuwa na sharti moja ambalo alilirudia mpaka Odhiambo akaanza kulitamka pamoja naye. "Kabla hujamcheka mtu, jiulize kama anaweza kukufukuza nyumba. Akiweza, andika. Asipoweza, mwache ale chakula chake."

Kazi yangu ya kwanza iliyomfurahisha ilihusu mifereji. Mifereji ya Shauri Moyo ilikuwa inakauka bila taarifa, basi niliandika pendekezo, kwa Kiingereza safi cha ofisini, kwamba baraza liipe mifereji likizo rasmi ya mwaka kama wafanyakazi wengine, na nauli ya kwenda kwao, kwa kuwa tabia yake ya sasa ya kutoroka kazini ilitokana na uchovu na si utovu wa nidhamu. Mwalimu alilisoma akiwa amesimama. Kisha akaniambia nikalisome kwenye foleni ya maji, kwa Kiswahili, nisicheke. Nilikwenda. Akina mama walisikiliza wakiwa wamekalia madebe yao, na nilipomaliza mmoja wao, Mama Kanini, akauliza, "Na hiyo likizo inaanza lini, tuteke mapema?" Mwingine akamjibu, "Wewe, wakienda likizo wao si watatuletea wengine wa kushikilia kazi?" Walijadiliana hivyo kwa muda mrefu, na sijui mpaka leo ni nani alikuwa akimcheka nani. Nilirudi nikamweleza Mwalimu, akavua miwani akapangusa macho. "Hiyo ndiyo alama yako," akasema. "Mimi siwezi kukupa nyingine kubwa kuliko hiyo."

Tulijifunza pia kwa masikio, kwa sababu ukuta wa chumba kile ulipitisha kila kitu. Jirani alikuwa fundi wa reli, mtu mwema aliyepotea kila alipolipwa, na mkewe hakuwahi kupandisha sauti. Jumamosi moja Mwalimu aliinua mkono katikati ya ukurasa ili tusikilize. "Ulisema utarudi saa kumi na mbili," mwanamke alikuwa akisema upande wa pili, polepole kabisa. "Na umerudi saa kumi na mbili. Mimi sina neno na saa. Nauliza ya siku gani." Mwalimu alitutazama kama mtu aliyeletewa zawadi. "Hiyo ndiyo nathari," akanong'ona. "Toeni neno moja hapo kama mnaweza." Mama Rispa, akigeuza omena, akasema bila kutugeukia, "Na wewe uache kusikiliza nyumba za watu, ama nikuulize ya siku gani." Huo ulikuwa mwaka wangu. Nimekuwa na miaka mingine mizuri, nilioa vizuri, nilifanya kazi ofisini mpaka nikastaafu na nikapewa saa ya ukutani, wanangu wananisalimia bila kuombwa. Lakini sijawahi tena kushiba kama nilivyoshiba katika chumba kile, tumbo na masikio kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye kitabu. Mwalimu alikuwa akiandika kitabu juu ya watu wa Shauri Moyo, kwa Kiingereza, na kila Jumamosi baada ya masomo yetu alitusomea alichoandika wiki ile. Alikuwa akienda nyumba kwa nyumba, safu kwa safu, kama mtu wa baraza anayepaka chokaa. Mtaa mzima ulijua. Watu walimsimamisha njiani wakamuuliza, "Mwalimu, umefika wapi?" naye akawajibu, "Nimemaliza kwa mzee wa viatu, nimeingia kwa mama wa mitumba." Mjane mmoja wa safu ya nne alimletea kuku ili amrushe mbele, kwa kuwa alihisi moyo wake hauna muda. Mwalimu alimla kuku na hakumrusha mjane, ila alianza kuandika kwa haraka zaidi.

Na jinsi alivyoandika ndipo kichekesho chote kilipokuwa. Mtu huyu aliyekata maneno yetu kama nyanya, alipoandika mwenyewe hakujua kusimama. Sentensi zake zilikuwa kama treni za mizigo zikipita darajani. Unasubiri, unafikiri zimekwisha, behewa jingine linatokea. Alianza na hali ya anga, akaomba radhi kwa kuanza na hali ya anga, akamtaja mtu, akamwacha mtu akamtaja jirani yake, akarudi. Nakumbuka moja kwa sababu niliwahi kuirudia ili kuwachekesha watu. Ilimhusu mzee wa viatu, ambaye, nikiiweka kwa Kiswahili, asubuhi ya mawingu ambayo mwandishi hana haki ya kuisimulia kwa kuwa hakuwepo, aliingia Nairobi kwa miguu akiwa amebeba viatu vyake kichwani ili visichakae, akavivaa alipoiona lami, akatembea navyo mpaka mahali ambapo wengine walianza kumtazama, akavivua tena kwa aibu ya kuonekana mtu mwenye viatu, na akakaa hivyo, akivaa na kuvua, kwa maisha yake yote yaliyobaki, ambayo yalikuwa marefu, na ambayo aliyatumia kushona viatu vya watu wengine. Hiyo ilikuwa sentensi moja. Odhiambo alikuwa akinikanyaga chini ya meza tusicheke. Mama Rispa alikuwa akichambua mboga, na mimi nilimwona ameacha kuchambua, lakini sikujiuliza kwa nini.

Sitasema mengi kuhusu kwetu kwa sababu sina mengi. Tuliishi safu ya mwisho. Mama alifanya kazi, aliomba, alinyamaza. Baba alikuwa mchonga vinyago, na alifariki kabla sijawa na akili ya kumkumbuka, na nyumbani kwetu jina lake halikutajwa, sikujua kwa nini, na mtoto akishazoea jambo haulizi tena. Mwalimu ndiye aliyeniambia kwamba alimjua. Aliniambia kama anayetaja habari ya kawaida, tukiwa tumesimama mlangoni nikiaga. "Baba yako tulikuwa tukikaa naye jioni pale alipokuwa akichongea. Nitamfikia. Krismasi ikipita naanza safu yenu." Nilimwomba aniambie sasa hivi, hata kidogo. Alifikiri, akatikisa kichwa. "Sentensi yake ninayo, lakini bado haijakaa sawa. Nikikuambia sasa itatoka vibaya, na ukishaisikia vibaya hutaisikia tena vizuri. Ngoja Januari." Nilingoja. Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea kama mtu aliyeahidiwa kazi.

Kwa wasioijua desturi yetu ya ukumbi, nieleze. Kabla watu hawajasafiri kwenda kwao kwa Krismasi, tulikusanyika Jumamosi moja mchana, tukaimba, tukala, na mwisho tukamcheka mtu mmoja wa mtaa. Mtu huyo aliitwa bwana harusi. Alikalishwa mbele kwenye kiti kilichopambwa kwa karatasi za rangi, vijana wakaigiza namna anavyotembea, anavyonunua, anavyogombana, na hakuruhusiwa kusema lolote mpaka mwisho. Mwisho alisimama, akageukia watu, akasema, "Huyo ndiye mimi." Ilikuwa lazima aseme hivyo, kwa maneno hayo, la sivyo watu wasingempigia makofi wala kumpa sahani ya heshima aliyowekewa kando. Kuchaguliwa ilikuwa heshima. Mwaka uliotangulia bwana harusi alikuwa muuza nyama, mwaka kabla ya huo kiongozi wa kwaya, na wote wawili walitembea kwa majivuno mpaka Pasaka. Kukataa kuandika, kwa hiyo, kungeonekana kana kwamba namnyima Mwalimu heshima yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na lile sharti lake la kufukuza nyumba nililigeuza pia likanifaa. Nilijiambia Mwalimu ni mkubwa kwetu, ana shahada, ana vitabu, amesimama juu. Kumrushia kitu ni kurusha juu. Nilimwona mkubwa kiasi kwamba sikufikiri anaweza kuumia.

Niliandika kwa furaha, sitadanganya. Kazi hiyo ilinijia kwa urahisi ambao sijaupata tena. Nilimweka Mwalimu mbele ya duka la muuza nyama, akiagiza nusu kilo, kwa sentensi moja. Siku ile ukumbini niliisoma kwa Kiingereza kwanza kwa ajili ya waliosoma, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ya kupita juu ya nyundo. "Ingawa jua," nikasoma, "ambalo, kwa desturi yake isiyo na haraka, na ambayo naomba radhi kuitaja mbele ya mtu aliyeshika kisu, limekwisha kufika juu ya paa la soko, na ingawa ng'ombe huyu, ambaye sikubahatika kumjua akiwa hai, na ambaye jirani zake huko alikotoka bila shaka wangeweza kumweleza vizuri zaidi kuliko mimi, hana tena pingamizi..." Niliendelea hivyo. Odhiambo alikuwa muuza nyama. Kila nilipofika kwenye koma aliinua kisu, kila sentensi ilipoendelea alikishusha. Watu walianza kucheka polepole, halafu kwa pamoja, halafu wakawa wanalia. Mwalimu ndani ya sentensi yangu alimtaja baba wa ng'ombe, akamtaja mchungaji, akaomba radhi kwa mchungaji, na alipofikia nusu kilo Odhiambo akasema, "Mwalimu, tumefunga," na ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Kanini alilazimika kutolewa nje apate hewa.

Mwalimu alicheka kuliko wote. Nilimtazama, nilitaka kuona, na alikuwa akicheka kweli, leso mdomoni, mabega yakiruka. Mkewe alikuwa nyuma yake, anakusanya sahani ambazo watu walikuwa bado hawajamaliza kulia. Kisha ukumbi ukanyamaza kwa ajili ya desturi. Mwalimu alisimama kutoka kwenye kiti chenye makaratasi, akageuka. Muuza nyama alikuwa amelisema jambo lile kwa kelele na mikono juu. Mwalimu alilisema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Huyo ndiye mimi," akasema. Watu wakapiga makofi, akapewa sahani ya heshima, akala.

Nimefikiri sana juu ya tofauti kati yake na wale waliomtangulia. Muuza nyama akichekwa jinsi anavyotembea, kesho atatembea, kwa sababu ana mahali pa kwenda. Kiongozi wa kwaya ataimba, kwa sababu wimbo si wake. Lakini mtu anayeandika huisikia sentensi kabla hajaiandika, kwa sauti fulani ndani ya kichwa, na mimi nilikuwa nimeingia kichwani mwa Mwalimu na kukaa pale pale sauti hiyo inapotokea. Januari tulirudi kwake kama kawaida. Ugali ulikuwepo, kunde zilikuwepo. Alichukua karatasi zake, akaanza, "Ingawa," akasimama. Odhiambo alikuwa akiangalia sahani yake kwa bidii. Mwalimu akatabasamu. "Hii umeshaiandika wewe," akaniambia, si kwa ukali, akaweka karatasi chini, akatufundisha kitu kingine.

Jumamosi iliyofuata alitusomea kurasa mpya. Alikuwa ameamua kufuata masharti yake mwenyewe. Sentensi zilikuwa fupi, safi, kila neno mahali pake. Mjane wa safu ya nne alikuwa ndani yake, yule wa kuku. Alizaliwa Kakamega. Alikuja mwaka fulani. Aliuza mboga. Alikuwa mcha Mungu. Tulisikiliza mpaka mwisho, na nje nyundo ziligonga, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumwona yule mama. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa na tonge mkononi, kwa nini zile sentensi zilikuwa ndefu. Hazikuwa majivuno ya kusoma. Alikuwa hataki kumwachilia mtu. Kila aliyemtaja alimshika mkono akampitisha mbele ya jirani zake na viatu vyake na mvua ya siku aliyofika, na nukta aliiogopa kwa sababu nukta ndipo unapomwacha mtu. Alijua vizuri sheria za nathari, ndiye aliyetufundisha. Katika kitabu hicho kimoja aliamua kuzivunja, na mimi nilimwaibisha mbele ya mtaa mpaka akazitii.

Aliendelea wiki chache, halafu hakuendelea. Hakutangaza. Watu walimuuliza njiani amefika wapi, akajibu shule imekuwa na kazi nyingi, na baada ya muda wakaacha kumuuliza, kama watu wanavyoacha kuuliza habari za kiraka cha barabara. Nilipata kazi ofisini mwezi wa nne. Kabla sijaacha kwenda Jumamosi nilikusanya nguvu, nikamkuta mlangoni, nikamwambia, "Mwalimu, Januari imepita. Habari ya baba." Alinitazama kwa wema ule ule. Niliona anatafuta, niliona midomo yake inaanza kitu, kisha ikakiacha. "Alikuwa fundi," akasema. "Alikuwa mtu mzuri." Nikamshukuru. Ningeweza kurudi wiki iliyofuata, na mwaka uliofuata, na nyumbani kwake Bungoma alipostaafu. Sikurudi. Niliona haya, na haya ikizeeka inafanana sana na shughuli nyingi.

Siku ya mwisho ya matanga, watu walipotoka kwenda kupanga magari, Mama Rispa aliniita nikae karibu naye. Amekuwa mdogo, amezama katika kiti, lakini mikono yake bado haitulii. Alikuwa akikunja leso na kuikunjua. "Musyoka, umekataa kuandika wasifu," akasema.

"Macho, mama."

"Macho." Akaikunja leso. "Unafikiri alikukasirikia."

Nikasema nisingeshangaa.

"Hakukasirika. Usiku ule alikuja nyumbani akakaa kitandani, akasema yule kijana amenipatia kabisa. Akasema watoto wote hawa nimewasomea, huyu peke yake alikuwa ananisikiliza, asiyesikiliza hawezi kumwiga mtu hivyo. Alifurahi, unajua? Alijivunia wewe." Akaikunjua leso. "Halafu akawa hawezi. Anashika kalamu, anacheka, anaweka chini. Mimi nikamwambia andika tu kama zamani, mimi napenda. Akaniambia, mama, kila nikianza namsikia Musyoka."

Nikamuuliza kama alipata kumwambia chochote kuhusu baba yangu. Nilimuuliza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayedai.

"Alikuwa akisema walikaa pamoja sana," akasema. "Walikuwa wakicheka. Mimi nilikuwa na watoto wadogo, sikusikia wanacheka nini. Alikuwa ananiambia, huyo ngoja nimwandike, utamwona." Akanishika mkono kama anayepima homa. "Usinichukulie vibaya, baba. Mimi nilingoja kumsoma kama wewe."

Tulimzika Bungoma Jumamosi. Wasifu uliandikwa na mjukuu, ulikuwa mfupi na sahihi, na watu walisema ameandika vizuri. Nilirudi Umoja nimechoka lakini si mwenye huzuni kubwa. Ninalala, ninakula, jioni ninakaa nje na wajukuu wananieleza mambo ambayo siyaelewi. Nimejaribu kuandika habari hii kwa sentensi ndefu nikashindwa. Sikufundishwa hizo, nilifundishwa kuzicheka. Alasiri ile ya ukumbi nilikuwa mtu mcheshi kuliko wote Shauri Moyo, na kwa ajili yake nilimpoteza baba yangu mara ya pili. Mama yangu alikufa bila kusema. Waliokaa naye akichonga wamekwisha. Aliyekuwa na maneno ya kumsema alikuwa mmoja, nami niliyaondoa kinywani mwake wiki chache kabla hajafika nyumba yetu. Nina zaidi ya miaka sabini, na sijui kama baba yangu alikuwa mrefu.